Oili ya kabureta ya SU kwenye Morris Minor 1000

Umeuliza kama kabureta ya SU (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya Morris Minor 1000 yako, gari linalokohoa na kusita, inawekwa oili. Ndiyo, inawekwa: SAE 20 (kipimo cha uzito wa oili). Fungua kifuniko cha juu cha kabureta chenye kijiti, mimina oili taratibu hadi ipite mdomo wa fimbo ya pistoni ya kabureta (si ya injini) kwa kama milimita 12. (Kifuniko kisicho na tundu la hewa, acha iishie milimita 12 chini ya mdomo.) Oili ndiyo inayoizuia pistoni isiruke ghafla ukikanyaga mafuta, ikikauka hewa inazidi petroli, gari linakohoa na kusita kama hilo lako. Ya gia usiiweke kabisa, ni nzito mno. Mimi huhudumia injini za A-Series, kama hiyo ya Minor 1000, na kabla ya kugusa skrubu yoyote huinua kwanza pistoni kwa kidole: ikiachiwa lazima ishuke na kulia “tak”. Ikikwama, isafishe.