GPA ya 3.1: je, nimeharibu?

Mdogo wangu, unauliza kama GPA (wastani wa alama za chuo, juu kabisa ni 5) ya 3.1 mwishoni mwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu hapo Tabora imekufungia milango. Mmoja, ndiyo. Kufundisha chuo kikuu kunaanzia 3.8, nawe hata ukipata A tupu (A ni 5) mwaka wa tatu, yaani wa mwisho, utaishia 3.7 hivi. Hiyo sahau.

Mingine iko wazi. Masomo ya uzamili vyuo vingi vinataka 2.7 tu, unayo. Ajira za serikali ndiyo kabisa: unaitwa usaili wa kuandika, na pale mwenye 4.5 na mwenye 2.9 wanajibu karatasi ileile. (Nimeona wenye daraja la kwanza wakichujwa mapema. Walikariri.)

Ukitaka 3.5, yaani daraja la pili la juu, mwaka wa tatu unahitaji wastani wa 4.3: B+ (ni 4) nyingi na A kadhaa. Inawezekana, ila usiache mazoezi ya kufundisha yadorore kwa ajili hiyo. Shule binafsi nyingi zitakusimamisha mbele ya darasa kwanza, transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako, baadaye.