Maduka Yaliyofungwa Yapewe Mafundi kwa Miaka, si kwa Miezi

Swali la wiki hii lilikuwa kama maduka yaliyofungwa yageuzwe kuwa kumbi za jamii za kufuma, kushona na kudarizi. Naunga mkono kwa moyo wote, ila kwa sharti moja ambalo kwangu ni zito kuliko hata gharama za ukarabati: mkataba wa pango uwe wa miaka kadhaa.

Jengo lenyewe kwa kawaida linafaa. Sakafu ya duka husanifiwa kubeba takriban kilo 400 hadi 500 kwa kila mita ya mraba, zaidi ya maradufu ya sakafu nyingi za nyumba za kuishi, na kitanda kikubwa cha kufumia, ambacho hutikisika kila mfumaji anapokipiga kitana (chanuo la kubana nyuzi za kitambaa), kinahitaji uimara huo. Kioo cha mbele nacho ni hazina, kwa kuwa ufundi wa mikono huanza kuingia kwa macho, na anayesimama nje kutazama leo huenda kesho akaingia kuuliza. Nyuzi zilizotiwa rangi tu ndizo zisiwekwe hapo, maana jua huzipausha. Sehemu ya nyuma huwa na giza, hivyo zitahitajika taa zinazoonyesha rangi kwa usahihi.

Sasa nirudi kwenye mkataba. Kitambaa chenye upana wa sentimita 60 na nyuzi 8 kwa kila sentimita kina nyuzi 480 za mtande, yaani zile za urefu zinazofungwa kwanza, na kila uzi hupitishwa kwa mkono kwenye tundu lake kwenye kitanda, kisha katikati ya meno ya kitana, kabla mshindio wa kwanza, uzi unaokatiza upana, haujapita. Nani ataianza kazi hiyo mahali anapoweza kuondolewa mwisho wa mwezi? Wenye majengo hushikilia mikataba mifupi wakimsubiri mpangaji mkubwa, lakini wapangaji wakubwa nao huondoka: nchini Uingereza, Woolworths ilikuwa imefunga maduka yake yote, zaidi ya 800, kufikia Januari 2009, na Debenhams ikafunga ya mwisho mwaka 2021.

Napendekeza mkataba usiopungua miaka mitano, na mwenye jengo akilihitaji mapema, atoe notisi ya miezi sita, ili mitande iliyokwisha kufungwa ifumwe hadi mwisho.