Kengele ililia kabla sijamaliza

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta zamu ya usiku, wodi imetulia, chai yangu imeshapoa: "Ni swali gani la usaili ambalo mpaka leo hujamaliza kulijibu?" Najua mtaletewa mengi ya benki na ya ajira za serikali. Langu ni la kuomba nafasi ya kusomea udaktari huku Uingereza, Januari 2020, nikiwa na miaka 17. Sikulimaliza kwa sababu kengele ililia.

Kwanza niseme kwa nini huku kuna usaili, maana nyumbani jambo hili huwashangaza watu. Binamu yangu wa Tanga alimaliza kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akaomba vyuo, jina likatoka, akaenda kuanza MD, shahada ya udaktari. Hakuna aliyemkalisha akamuuliza kwa nini anataka kuwa daktari. Matokeo yalimsemea. Huku matokeo yanakufikisha mlangoni tu. Maombi ya udaktari yanafungwa tarehe 15 Oktoba, miezi mitatu kabla ya kozi nyingi nyingine, na huruhusiwi kuomba zaidi ya vyuo vinne. Kabla ya hapo kuna mtihani wa kuchuja uitwao UCAT, unaofanywa kwenye kompyuta, wakati wangu maswali zaidi ya 200 kwa saa mbili, na unaufanya mara moja tu kwa mwaka. Ukiuharibu, subiri mwakani. Ukivuka chujio zote hizo ndipo wanapokuita wakuone.

Vyuo viwili vilinikataa bila kuniona. Cha tatu kiliniweka mbele ya jopo la watu watatu kwa nusu saa, wakaniuliza kwa nini udaktari na si uuguzi, nikatoka sikumbuki nilichojibu. Hicho cha nne ndicho ninachokisimulia.

Mama alikuwa amefukiza koti langu udi usiku kucha, kama vile napelekwa kwa mume. Kwenye treni bwana mmoja alihama kiti. Chumba cha kusubiria, msichana wa pembeni yangu alinusa mara mbili, akaniuliza natumia manukato gani. Nikamwambia ni ya mama. Kila mtu alikuwa amebandikwa namba kifuani. Katikati ya meza palikuwa na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, kila mtu akiogopa kubanwa haja katikati ya usaili. Wavulana wanne walikuwa wanafahamiana tayari. Walikutana kwenye mafunzo ya wikiendi ya kujiandaa na usaili, yale ambayo wazazi hulipia mamia ya pauni, na sasa walikuwa wanakaririshana kama watoto wa madrasa mwalimu hajafika. Mafunzo yangu mimi yalikuwa mapumziko mawili ya mchana na mwalimu wangu wa kemia. Alinipa onyo moja, akalirudia: "Usiseme 'sisi'. Ukisema 'sisi' hawajui alama wampe nani."

Mtindo wenyewe ni wa vituo. Ulibuniwa Canada, Chuo Kikuu cha McMaster, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wao waliuiga kutoka kwenye mitihani ya vitendo ya udaktari aliyoianzisha Ronald Harden kule Dundee, Scotland, miaka ya 1970. Siku yangu vituo vilikuwa vinane, dakika saba kila kimoja. Mlangoni pamebandikwa karatasi, unaisoma kwa dakika mbili umesimama ukumbini, kengele inalia, unaingia. Ikilia tena unatoka, hata kama neno liko mdomoni. Mimi ilinikumbusha Idd za utotoni: unaingia nyumba hii, unaamkia, unapewa chako, hujakaa vizuri wenzako wanakuita nyumba ya pili. Na kila nyumba inakupokea upya, haina habari kwamba kule ulikotoka umevunja kikombe. Hapo ndipo penye akili ya mtindo huu. Ukiwa na jopo moja, mtu mmoja akikuchukia tangu unavyoingia, siku yako imekwisha. Kwa vituo, anayekupima wa tano hajui wa nne amekuandika nini.

Kituo cha kwanza muuguzi mmoja mkunjufu aliniuliza kuhusu kujitolea kwangu kwenye nyumba ya wazee. Nikaanza: tulikuwa tunawalisha, tuliwasomea magazeti, tulimsaidia bibi mmoja kuandika barua. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole kabisa, "Hayo mlifanya ninyi. Wewe je?" Onyo la mwalimu likanirudia, nikajirekebisha, ila ulimi ulikuwa mzito. Kwetu mtoto anayepanga nili-, nili-, nili- mbele ya wakubwa ataambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule muuguzi hakuwa anataka majigambo, nalielewa hilo sasa. Alitaka kujua mkono ulioshika kijiko ulikuwa wa nani.

Kituo cha tatu kilikuwa na mwigizaji. Karatasi inasema jirani yako alisafiri akakuachia paka, paka katoka mlango ulioacha wazi, kagongwa na gari, jirani ndiyo kwanza anarudi, mwambie. Nilipokuwa nasoma ukumbini nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Kwetu paka wa jirani ni paka wa mtaa. Nilipoingia yule mama akalia machozi ya kweli, yanamdondokea kwenye kola, na kicheko chote kikaniisha. Nilimwambia mapema na waziwazi, mlango niliuacha wazi mimi, kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Tangu hapo nimewaona wanafunzi wengi wanaojiandaa na usaili huu wakizungumza bila kutua kwa sababu wanaogopa dakika zitakwisha. Mtu anayelia huwa hasikii sentensi ya pili.

Sasa cha tano.

Karatasi: "Wewe ni daktari. Mtoto wa mgonjwa anakuomba usimwambie mama yake kwamba ana saratani. Utafanya nini?" Ndani yumo bwana wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Jibu nilikuwa nalo. Uhuru wa mgonjwa kuamua, kumtendea mema, kutomdhuru, haki. Ile misingi minne ya maadili ya udaktari ambayo wavulana wale walikuwa wanaikariri. Nikasema kwanza ningemsikiliza huyo mtoto anaogopa nini, maana mara nyingi anaogopa kwa mapenzi tu. Kisha ningekaa na mgonjwa mwenyewe, nimuulize angependa kujua kiasi gani. Akisema hataki kujua, ni haki yake pia, lakini awe amesema yeye. Na kama hatusikilizani lugha ningetafuta mkalimani wa kazi hiyo, si ndugu. Bwana yule aliandika, akatikisa kichwa kukubali, akaandika tena. Halafu akaweka kalamu chini.

"Umewahi kuona familia ikifanya hivi?"

Ningeweza kusema hapana. Dakika zilikuwa zimebaki tatu hivi, na hapana inachukua sekunde moja.

Nikamwambia Februari 2017, nikiwa na miaka 14, mama mkubwa wangu alikuwa akitibiwa hospitali moja huku. Mama mkubwa hakujua Kiingereza zaidi ya asante na kwaheri. Siku ile mkalimani wa simu hakupatikana, daktari akaniangalia mimi, nimevaa sare ya shule, akauliza kama ningeweza kusaidia. Maegesho ya gari, kabla hatujaingia, mama yangu alikuwa ameshanishika mkono: "Likija neno baya, usimpe lote." Likaja. Daktari alisema ugonjwa umefika kwenye ini na kwamba tiba iliyobaki ni ya kumpunguzia maumivu. Sentensi ndefu, ameipanga vizuri, anaisema taratibu ili niweze kuifuata. Nikamgeukia mama mkubwa nikasema, "Anasema ini limechoka kidogo, utapewa dawa." Daktari aliona kabisa kwamba maneno yake mengi yametoka machache. Mama mkubwa naye aliona. Akaniuliza, "Ni hayo tu?" Nikasema, "Ndiyo, mama mkubwa."

Nikamwambia msaili kwamba mama mkubwa alifariki wiki moja kabla ya Ramadhani ya mwaka huo, na kwamba amezikwa huku, mbali na mumewe aliyelala Tanga. Nikasema, "Tulimficha. Tuliona tunamsitiri."

Akasema, "Ninyi. Wewe je?"

Labda walikuwa wamekubaliana wasaili wote waliulize hilo, labda wala hawakukubaliana. Nikaanza: "Mimi, kabla hatujainuka pale, mama mkubwa aliuliza kitu kimoja..." Kengele ikalia. Bwana yule alishtuka kuliko mimi. Alifungua mdomo, akaufunga, akanionyesha mlango kwa mkono uliofunguka, kama unavyomkaribisha mtu apite, na mimi nikatoka.

Kituo cha sita kilikuwa grafu ya wagonjwa waliolazwa kwa miezi kumi na miwili, usome mwelekeo wake. Sikuona mwelekeo wowote, niliona mistari. Nilikiharibu, na bado nashukuru kwamba cha saba hawakujua.

Jibu lilikuja Machi, nchi inafungwa kwa korona: nimepata, nikifaulu masomo. Mwaka uliofuata usaili ulihamia kwenye skrini. Mdogo wangu alifanya wake chumbani, mama amekatazwa kukaanga chochote asije akasikika, vituo vinabadilika kwa kubonyeza, msaili mmoja akikatikakatika kwenye intaneti mbaya. Anasema haukuwa mgumu. Huwa simbishii, ingawa hakuwahi kulazimika kutembea ukumbini akiwa na neno mdomoni. Mimi nimemaliza mwaka jana, sasa ni daktari wa mwaka wa kwanza, na sijui mpaka leo yule bwana wa miwani aliniandikia alama ngapi. Hawasemi.

Ile nusu iliyobaki ni hii. Mama mkubwa alikuwa anataka kwenda Tanga kuwaona wajukuu. Akasema niulizie, akate tiketi ya Machi au asubiri hadi Idd? Hilo nililitafsiri vizuri, neno kwa neno. Daktari alimtazama yeye, si mimi, akasema kama anaweza, aende Machi. Nikamwangalia mama yangu. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa, alikuwa anakunja mtandio wake mapajani. Nikisema Machi, mama mkubwa angeuliza kwa nini isiwe Idd, na hapo yote yangetoka.

Mimi nikamwambia, "Anasema usubiri Idd."

Msomaji wenu, Midlands, Uingereza