Steeplechase haikuuawa na moto

La, ndugu yangu. Bustani ya burudani ya Steeplechase, huko Coney Island, New York, haikufungwa kwa sababu ya moto kama ulivyoandika, bali ilifunga milango mwaka 1964 baada ya wageni na mapato kupungua. Moto ulikuwapo mwaka 1907, tena mkubwa, lakini mwenyewe George Tilyou, aliyeifungua mwaka 1897, aliwatoza watu senti 10 kutazama magofu yaliyokuwa bado yanafuka moshi, kisha akaijenga upya na kuwarudisha wale farasi wake wa bandia waliokimbia juu ya reli wakiwa wamebeba wageni. Iliyomalizwa na moto ni jirani yake, Dreamland, mwaka 1911. Huenda ndipo ulipochanganya. Mwaka 1965 Fred Trump, baba yake Donald, alikinunua kiwanja, na mwaka uliofuata akalibomoa jumba la vioo la bustani hiyo, jambo linaloniuma hadi leo, kwani nyumba alizokusudia hazikujengwa. Nilipokuwa baharia, kabla sijarudi kutulia hapa Mombasa, nilisimama chini ya mnara wa bustani hiyo uliosalia, ambako watu walikuwa wakishuka kwa parachuti, chuma chekundu kinachotazama bahari.