Jibu: Kidato cha kwanza hawafungui mdomo kwa Kiingereza, je, michezo itasaidia?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama michezo itawachangamsha watoto wako wa kidato cha kwanza au itakula vipindi bure kwenye darasa la watu sabini. Nafundisha Kiingereza shule ya kata, na nakujibu bila kusita: itasaidia, ila si kila mchezo.

Watoto hawa wamesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, halafu ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Maneno wanayo, kuliko tunavyodhani. Kinachowafunga ni hofu ya kuchekwa. Kwa hiyo achana na michezo ya kutoana, ile ya akikosea anakaa chini. Wanaotoka mwanzo ni wale wale wenye shida ya kuongea, na muda uliobaki wanabaki watazamaji.

Mimi nategemea vitendawili, kwa Kiingereza. Sheria wanazijua tangu nyumbani, hupotezi muda kuzieleza. Wapange sita sita, kila kundi litafsiri viwili vitatu: kuku wangu katagia mibani, nyumba yangu haina mlango. Kisha kundi moja linatega, jingine linajibu. Likishindwa, linatoa mji. Hapo ndipo penye utamu! Aliyetega, kabla ya kutaja jibu, lazima asimulie alivyokwenda mji huo: alipanda nini, nani alimpokea, alikula nini. Ni zoezi zima la wakati uliopita, na wao wanaona wanacheza tu. Nimemwona binti asiyenyoosha kidole hata siku moja akiwapeleka wenzake Bukoba kwa meli kutoka Mwanza, akala senene huko, na darasa likazidi kumuuliza maswali. Nilifurahi mno siku ile.

Mtoto akisimulia usimkatize. Andika makosa pembeni, mwisho myapitie ubaoni bila kumtaja mtu. Alama zipewe kundi. Pipi na zawadi ziache kabisa, maana wakizizoea wataulizia zawadi kabla ya mchezo.

Kipindi ni dakika 40. Mchezo uweke nusu ya pili, kwani wakishachangamka, kuwarudisha kwenye daftari ni kazi. Kelele zitakuwepo. Mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani, na kama shuleni kwenu kuna mti wenye kivuli, watoe nje.