Swali la pili la UCAS: masomo yako yamekuandaaje?

*Kuanzia maombi ya kuingia chuo mwaka 2026, UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shahada ya kwanza Uingereza, uliacha ile insha moja ndefu ya maelezo binafsi na kuweka maswali matatu. La kwanza linauliza kwa nini unaitaka kozi hiyo. La pili linauliza sifa na masomo yako yamekusaidiaje kujiandaa. La tatu linataka uliyoyafanya nje ya masomo. Barua za safari hii, tulizozifupisha, karibu zote zimekwama kwenye la pili.*

SWALI: Shikamooni. Nasoma A-Level ya Biolojia, Kemia na Hisabati, na naomba Biokemia. Nimetaja masomo yangu na alama ninazotarajiwa kupata, nikaongeza kwamba yamenijengea fikra tunduizi na moyo wa kushirikiana. Mwalimu kasema jibu ni tupu. Kimekosekana nini?

Marahaba. Masomo yako tayari yamo kwenye sehemu ya elimu ya fomu hiyohiyo, na alama tarajiwa zinajazwa na shule. Ofisa udahili akifika kwenye jibu lako anakuta anasoma mara ya pili alichokwisha kukiona. Hizo fikra tunduizi nazo hudaiwa na kila mwombaji, kwa hiyo hazimtofautishi yeyote.

Anza upande wa chuo. Fungua ukurasa wa kozi katika kila chuo unachoomba, uandike moduli za mwaka wa kwanza. Kwa Biokemia utakuta vimeng'enya, muundo wa protini, takwimu na kazi nyingi za maabara. Kisha rudi kwenye madaftari yako utafute mahali ulipo*fanya* jambo linalogusa moduli hizo. Mada uliyofundishwa tu haitoshi, maana hata aliyesinzia darasani alifundishwa. Jiulize: nilifanya nini hasa, kiliharibika wapi, nilikirekebishaje, na chuoni kitanifaa wapi?

Tazama aya hii:

"Katika jaribio la katalesi na peroksidi ya hidrojeni, kwanza nilipima gesi yote iliyotoka ndani ya dakika tano. Mrija wenye kimeng'enya kingi na ule wa kiasi cha kati ilitoa gesi sawa, kwa kuwa peroksidi ilikuwa imekwisha katika yote miwili kabla ya muda. Nilirudia nikisoma kila baada ya sekunde 10, nikachora tanjenti mwanzoni mwa mkunjo. Hisabati ilinipa njia ya kupata mteremko huo, Kemia ikanieleza kwa nini mkunjo hulala kadiri peroksidi inavyopungua. Kasi ya mwanzo ndiyo msingi wa moduli ya vimeng'enya, na sasa najua kwa nini haipimwi kwa wastani."

Masomo matatu yamo katika aya moja, na msomaji ameona unavyofikiri bila wewe kumtajia. Jambo la maabara lina uzito zaidi kuliko unavyodhani. Kwenye A-Level za sayansi huko England, kazi za vitendo, zisizopungua 12, hutolewa matokeo yake pembeni kama "amefaulu" na haziingii kwenye alama. Yaani ile A yako haimwambii mtu yeyote ulichofanya maabara. Usipokisema hapa, hakuna atakayekijua.

Ila andika ulichofanya kweli. Vipo vyuo vinavyofanya usaili, na tanjenti uliyoiazima kwenye makala hii itakuumbua kwa swali la pili tu la msaili.

SWALI: Nina herufi 4,000 kwa maswali matatu. Nigawanye sawasawa?

Hapana. Sharti ni kwamba kila jibu lisipungue herufi 350, na yote matatu kwa pamoja yasizidi 4,000. Nafasi na alama za uandishi zinahesabiwa. Maneno ya swali lenyewe hayahesabiwi.

Mgao ufuate kozi. Kwa Fizikia, Uchumi au Historia, swali la pili tungelitengea kati ya herufi 1,600 na 1,900, na la tatu lichukue kidogo kuliko yote. Kwa uuguzi au ustawi wa jamii la tatu linastahili kukua, kwa sababu uzoefu wa kuhudumia watu unaangaliwa sana. Hesabu nyingine ya kukutuliza: herufi 1,700 za Kiingereza ni kama maneno 270 hivi. Hapo inaingia mifano miwili iliyoshiba, au mitatu iliyobanwa. Mifano sita ikiingia inageuka orodha.

Andika kwanza kwenye programu ya kuandikia inayohesabu herufi pamoja na nafasi, kisha uhamishe. Na kama unafikiri kwa Kiswahili halafu unatafsiri, angalia dibaji zetu. "Awali ya yote ningependa kuchukua fursa hii" ni adabu njema kwenye barua, lakini hapa inakula herufi ambazo zingebeba jaribio zima. Ingia moja kwa moja. Majibu yote matatu husomwa kama andiko moja, kwa hiyo ulichokisema kwenye la kwanza usikirudie kwenye la pili.

SWALI: Naomba Uchumi lakini sijawahi kusoma Uchumi. Nina Hisabati, Historia na Kifaransa. Nijitetee vipi?

Usijitetee. Vyuo kadhaa, LSE (chuo cha uchumi cha London) na Cambridge vikiwemo, havidai A-Level ya Uchumi, vinadai Hisabati. Ukianza kwa "ingawa sikusoma Uchumi" unampa msomaji wasiwasi ambao pengine hakuwa nao.

Hisabati ndiyo nguzo yako, lakini usiishie kusema unaipenda. Sema inaingia wapi. Gharama ya kuzalisha kitu kimoja zaidi, ambayo wanauchumi huitumia kila siku, ndiyo kasi ya mabadiliko ya gharama yote, yaani kalkulasi uliyokwisha kuifanya. Faida inapofika kileleni, mteremko wake ni sifuri. Jichagulie kazi rahisi ya gharama na mapato, uikokotoe mwenyewe, uandike ulichokiona. Upande wa takwimu, ulifundishwa kupima nadharia tete na kusoma uhusiano wa namba mbili. Eleza mahali ulipoona namba zinapanda pamoja bila moja kuisababisha nyingine, kwa kuwa mtego huo ndio unaokula muda mwingi wa wanafunzi wa uchumi wanaposhika data.

Historia usiishushe thamani. Kama ulisoma Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, umekwisha kukutana na mfumuko wa bei wa 1923. Ufaransa na Ubelgiji ziliingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, Januari mwaka huo, serikali ikawalipa wafanyakazi waliogoma kwa kuchapa noti, na bei zikapaa hadi sarafu mpya ya Rentenmark ilipotolewa Novemba. Swali la mwanahistoria, kwamba lawama ziende kwa fidia za vita au kwa sera ya serikali yenyewe, ni swali la kiuchumi kabisa. Ukisema uliyapimaje maelezo hayo mawili, na ushahidi gani ulikushawishi, umeonyesha kazi ambayo mwenye A-Level ya Uchumi huenda hakuifanya.

Kifaransa? Kama uliwahi kusoma habari za ajira au bei kwa lugha hiyo na zikakuonyesha jambo, weka sentensi moja. Kama hakuna, kiache. Kosa linalorudiwa sana kwenye swali hili ni mtu kulilazimisha kila somo liseme kitu. "Kifaransa kimenifunza mawasiliano" ni herufi zilizotupwa.

SWALI: Nina miaka 38 na watoto wawili, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nimeanza diploma ya Access, ile ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, mwaka huu ili niombe uuguzi. Shule niliiacha miaka 20 iliyopita na diploma ndiyo kwanza inaanza. Nitasema nini kuhusu masomo?

Pole na mahangaiko, dada, na hongera. Una mengi kuliko unavyojiona.

Diploma ya Access ina krediti 60, na 45 kati yake ni za ngazi ya 3, yaani ngazi ya A-Level, zinazopewa daraja. Zitaje moduli ulizokwisha kuzifanya kwa jina, na zile zinazokuja useme zinakuja. Wasomaji wanajua diploma hii ni ya mwaka mmoja; hawatarajii uwe umeimaliza.

Kisha chagua moduli mbili. Ya kwanza iwe ya hesabu au sayansi. Wanafunzi wa uuguzi Uingereza lazima wapate asilimia 100 kwenye mtihani wa hesabu za dawa kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo mwombaji anayeonyesha ameanza kujinoa anasikika. Andika hesabu yenyewe kwa kifupi: daktari ameandika miligramu 75, dawa ya maji ina miligramu 50 katika mililita 5, hivyo mgonjwa apewe mililita 7.5. Kisha eleza umejifunza kuhakiki nini. Anayechanganya miligramu na mikrogramu anakosea mara 1,000, na ndiyo maana vipimo hugeuzwa viwe vya aina moja kabla ya kugawanya.

Ya pili iwe ile iliyokufafanulia jambo unaloliona kazini. Mfano: moduli ya fiziolojia inaeleza kwamba hisia ya kiu hupungua uzeeni, na kazini unawaona wazee wasioomba maji hata siku ya joto. Kuunganisha mambo hayo mawili ni jibu la swali la pili. Zamu zako, idadi ya unaowahudumia na ulivyoshughulika na familia zao viende swali la tatu. Wengi walio katika hali yako humwaga kazi yote kwenye la pili kwa kudhani masomo yao hayana uzito, halafu la tatu linabaki na ukocha wa watoto.

Shule ya miaka 20 iliyopita inatosha sentensi moja, au hata pasiwe na sentensi. Vyeti vyake utaviweka kwenye sehemu ya elimu.

SWALI: Sekondari niliisoma nje ya Uingereza. Nieleze cheti changu kinalingana na kipi cha kwao?

Usipoteze herufi. Kulinganisha vyeti ni kazi ya chuo, na vingi hutumia UK ENIC, kituo cha Uingereza cha kulinganisha vyeti vya nje, kwa kazi hiyo. Wewe eleza wasichoweza kukisoma kwenye jina la cheti: mtaala ulikuwa na nini, mlifanya vitendo vya aina gani, uliandika insha ya urefu gani, mtihani ulidai nini. Jina la somo linaweza kufanana kabisa na la kwao huku yaliyomo yakitofautiana.

SWALI: Nataka kuomba Sheria vyuo vitatu na Sayansi ya Siasa vyuo viwili. Naweza kuandika maelezo mawili?

Maelezo ni yaleyale kwa chaguo zote tano. Vyuo havioni umeomba wapi kwingine, lakini kila kimoja kitatambua kama unazungumzia kozi nyingine. Njia ni kuchagua ushahidi unaofaa pande zote mbili. Kazi huru ya A-Level ya Historia, ile yenye asilimia 20 ya alama, inakufaa sana: ulikusanya maelezo yanayopingana, ukaamua lipi lina nguvu na kwa nini. Mwanasheria hufanya hivyo kwenye hukumu za mahakama, mwanasiasa wa darasani hufanya hivyo kwenye sera. Ukitaja "Sheria" mara sita na "siasa" mara moja, basi vile vyuo viwili umevipoteza. Kama kozi ziko mbali mno, tuseme Sheria na Fizikia, kiulize chuo husika kabla ya kutuma. Vipo vinavyokubali kupokea maelezo mengine moja kwa moja.

SWALI: Nilifeli mwaka wa kwanza wa A-Level kwa sababu ya ugonjwa. Nieleze kwenye swali la pili? Na je, naweza kuipa programu ya akili mnemba iniandikie?

Tuanze na la mwisho. Wakati wa kutuma unathibitisha kwamba maelezo ni yako, hayakunakiliwa wala kuandikwa na programu ya aina hiyo. UCAS hulinganisha kila andiko na yaliyowahi kupokelewa, na likifanana sana vyuo vinaarifiwa. Ukaguzi huu si mpya: mwaka 2007 ilibainika waombaji zaidi ya 200 walikuwa na kisa kilekile cha kutoboa nguo za kulalia kwa moto wakiwa na miaka minane. Kuitumia programu ikuulize maswali kuhusu majaribio yako au ikuonyeshe sentensi ndefu ni jambo jingine, mradi maneno yawe yako.

Kuhusu ugonjwa, tangu maombi ya 2024 barua ya mwalimu mdhamini ina sehemu maalumu ya mazingira yaliyoathiri masomo ya mwanafunzi. Mwombe aandike humo tarehe, muda uliokosa na alama zilizoathirika, na umpe nyaraka zako mapema. Neno la mwalimu hapo lina nguvu kuliko lako, na herufi zako zinabaki kuonyesha ulichofanya uliporudi darasani. Kama unaomba Oxford, Cambridge au udaktari, mwisho ni 15 Oktoba saa 12 jioni ya Uingereza, na fomu haiendi bila barua hiyo. Kwa hiyo mazungumzo na mwalimu yafanyike Septemba.