Barua kwa mwanangu kuhusu makanisa yaliyogeuzwa nyumba

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa barazani baada ya kutoka Misa ya asubuhi. Umeniandikia kwamba chumba ulichopanga huko Leeds, Uingereza, kimo ndani ya jengo lililokuwa kanisa, kwamba juu ya kitanda chako kumebaki nusu ya dirisha la vioo vya rangi, na kwamba ulipotafuta kanisa ambalo bado linasaliwa ulikuta waumini 14, wengi wao wakiwa na umri wa bibi yako. Kisha ukaniuliza mambo mawili: imekuwaje watu ambao babu zao walivuka bahari kutuletea Injili wameiacha wenyewe, na je, sisi nasi tukisoma na kupata uwezo tutaiacha?

Umefanya vyema kuniuliza. Nilipokuwa nasoma sosholojia pale Mlimani swali la kwanza lilinisumbua muda mrefu, na sijaacha kulifikiria tangu siku hizo. Nitakujibu kwa kadiri nilivyosoma na nilivyoona, na mahali ninapotofautiana na wataalamu nitakuambia wazi.

Uliyoyaona kwa macho yako yanathibitishwa na hesabu. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba watu waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa karibu asilimia 72. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 59.3, na mwaka 2021 wakashuka hadi asilimia 46.2, huku waliosema hawana dini yoyote wakifikia asilimia 37.2. Hata hivyo usidhani kwamba zamani nchi nzima ilikuwa imepiga magoti. Jumapili ya tarehe 30 Machi 1851 serikali yao ilihesabu watu waliohudhuria ibada, na viongozi wa makanisa wakafadhaika walipoona kwamba karibu nusu ya wale walioweza kwenda hawakwenda. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Unguja mwaka 1864, yaani miaka 13 tu baada ya hesabu hiyo, kwa hiyo waliotuhubiria walitoka katika nchi ambayo tayari ilikuwa na wasiwasi juu ya viti vyake vitupu. Jambo hili sikufundishwa utotoni, na nilipolijua nilianza kuwaona wamisionari wale kwa jicho jingine.

Maelezo ambayo utayasikia kwanza, hasa chuoni kwako, ni kwamba sayansi imeishinda dini: watu walisoma, wakaelewa, wakaacha. Naona ndiyo maelezo dhaifu kuliko yote. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859, lakini mporomoko mkubwa wa makanisa ya Uingereza ulikuja katika miaka ya 1960, baada ya miaka mia moja. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo walioacha kwenda kanisani hawakukaa kwanza kupima hoja za wanasayansi. Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyezungumzia jambo hili katika mhadhara wake mjini Munich mwaka 1917, alilieleza kwa undani zaidi. Yeye alisema kwamba binadamu wa leo si lazima awe anajua mengi kuliko babu yake; kilichobadilika ni imani yake kwamba kila kitu, akitaka, kinaweza kujulikana na kupimwa, na kwamba hakuna nguvu ya siri inayoingilia mambo. Mtu wa namna hiyo akiugua huenda hospitali, mvua ikichelewa hufungua bomba, na miezi hupita bila kutokea jambo la kumfanya akunje goti. Hajabishana na Mungu hata siku moja.

Maelezo yanayonishika zaidi ni yale yanayotazama kazi ambazo kanisa lilikuwa linazifanya. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1538, daftari la ubatizo, ndoa na maziko lilikuwa kwa padre wa parokia, kwa hiyo mtu ambaye hakupita kanisani alikuwa kama hakuzaliwa. Mwaka 1837 serikali ikaanza kuandikisha vizazi na vifo yenyewe. Watoto wa maskini waliofanya kazi siku sita walijifunza kusoma katika shule za Jumapili, zilizoenea baada ya mwaka 1780, hadi sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilipoanza kuleta shule za umma. Maskini na wajane walilishwa kwa kodi iliyokusanywa na parokia, lakini sheria ya mwaka 1908 ikawapa wazee pensheni ya serikali, na mwezi Julai 1948 matibabu ya bure yakafunguliwa kwa kila mtu. Wanasosholojia kama Bryan Wilson, aliyeandika miaka ya 1960, waliuita mwenendo huu usekula, wakimaanisha kwamba dini inapoteza uzito katika uendeshaji wa jamii, hata kama mtu mmoja mmoja angali anaamini.

Nataka uone kwamba kila hatua katika hizo ilikuwa njema. Sitatamani hata siku moja mjane arudi kuomba unga kwenye mlango wa sakristia. Lakini kila kazi iliyoondoka iliondoka na sababu moja ya watu kukutana, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na vitabu, kwa sababu ya yale tuliyoyapitia sisi. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali yetu ilichukua shule za misheni, pamoja na ile niliyosoma mimi. Kama kuchukuliwa kazi kungetosha kulidhoofisha kanisa, makanisa ya Muheza yangekuwa yameanza kupungukiwa watu tangu wakati ule, na wewe unajua kwamba Jumapili tukichelewa tunasimama nje. Naamini sababu ni kwamba kazi nyingine zilibaki palepale. Hospitali yetu inaitwa Teule kwa kuwa ilikuwa ya kanisa, kisha serikali ikaiteua itumikie wilaya, na jina hilo peke yake linakueleza kwamba serikali iliyochukua mzigo ilihitaji msaada wa kanisa lililokuwa nao. Na msiba je? Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka 11, huenda hukumbuki vyote. Kabla jua halijachwa akina mama wa jumuiya walikuwa wameshafika na sufuria na kuni, vijana wamefunga turubai, mzee mmoja ameketi mlangoni na daftari la rambirambi, na majirani zetu Waislamu wamekuja kuchimba kaburi. Kwa siku kadhaa sikuwasha moto wala kununua chumvi. Mtu aliyezikiwa mumewe namna hiyo hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa jumuiya, na hawezi kuiacha kwa sababu ya kitabu. Kwa hiyo naona dini inafifia pale mrithi wa kazi zake anapozifanya kweli, mwaka hadi mwaka, kwa kila mtu. Sheria ya kwenye karatasi haitoshi.

Watafiti wawili, Pippa Norris na Ronald Inglehart, walilipima jambo la karibu na hili katika nchi nyingi, wakatoa kitabu mwaka 2004. Walisema kwamba mahali ambapo watu wanaishi bila uhakika wa chakula, afya na uzee wao, dini hubaki na nguvu, na mahali ambapo uhakika huo upo tangu utotoni, hupungua kizazi baada ya kizazi. Nakubali sehemu kubwa ya hoja yao. Ninachokataa ni pale baadhi ya wasomaji wao wanapoielewa kana kwamba imani ni dawa ya hofu tu, kwa sababu nimewajua watu waliosali kwa shukrani siku walizokuwa na kila kitu.

Lipo jambo la mwisho, nami kama mama linaniuma kuliko mengine. Mwaka 2005 watafiti David Voas na Alasdair Crockett walichambua takwimu za Uingereza wakaonyesha kwamba kule dini haipungui sana kwa watu wazima kuiacha. Inapungua kwa watoto kutoipokea. Wazazi wote wawili wakiwa na dini, nafasi ya mtoto kubaki nayo ni karibu nusu kwa nusu. Akiwa nayo mzazi mmoja, nafasi hiyo inapungua kwa nusu tena. Na wazazi wasio na dini karibu daima huzaa watoto wasio na dini. Mwanahistoria Callum Brown anasema badiliko kubwa lilianzia kwa wanawake wa miaka ya 1960, ambao walipoacha kujitambulisha kwa ucha Mungu kama mama zao, nyumba nzima ilibadilika. Wapo wanaoisoma hoja hiyo kama lawama kwa wanawake. Mimi naisoma kama ushahidi wa jinsi kanisa lote lilivyokuwa limeegemezwa kwenye nguzo moja, yaani wanawake, huku wanaume wakihesabiwa kuwa ndio kanisa.

Usichukue haya kama kanuni ya dunia nzima. Marekani ilikuwa tajiri na yenye kusali kwa muda mrefu kiasi kwamba iliwatatiza wataalamu wote, hadi hivi karibuni ambapo wasio na dini wameongezeka kutoka asilimia 16 mwaka 2007 hadi karibu 29. Nchini Poland kanisa lilikuwa ngome ya taifa dhidi ya utawala wa kikomunisti, likajaa watu. Mwanasosholojia Peter Berger, aliyetabiri katika miaka ya 1960 kwamba dini itapungua kila mahali, alikiri baadaye kwamba alikosea, na mwaka 1999 akahariri kitabu cha kusema hivyo. Namheshimu kwa hilo.

Sasa lile swali lako la pili. Sioni kwamba shule peke yake itatuondoa kanisani, wala pesa peke yake. Naona dalili Dar es Salaam, kwa wale wenye bima nzuri, wanaozikana kwa kukodi kampuni ya maziko na chakula cha kuagiza, ambao watoto wao Jumapili wanabaki na simu. Iwapo maisha ya namna hiyo yatakuwa ya wengi, na wazazi wakawa hawasali na watoto wao nyumbani, tutafuata njia hiyohiyo, ingawa itachukua vizazi. Kama Mungu yupo au hayupo, sosholojia haiwezi kukuambia. Inahesabu waliokaa kwenye viti, basi. Mimi najibu swali hilo kwa namna nyingine, nawe unaijua.

Yule bibi uliyesema anakufungulia mlango wa kanisa kila Jumapili na kukupa kitabu cha nyimbo, kaa naye baada ya ibada. Muulize ni nani aliyemfundisha Sala ya Bwana, na alikuwa na umri gani. Kisha, kwa upole, muulize yeye alimfundisha nani, na huyo yuko wapi siku hizi. Uniandikie alichokujibu.

Mama yako